Uwanja ni Vipimo: Maneno kwa Wachezaji wa Smash wa Lubumbashi

Wandugu, jambo yenu. Karibuni mliotoka komini za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, na karibuni pia ninyi mnaokaa nyuma ya ukuta huu, ambao ndio mmechelewa kuliko wote. Umeme upo kwa sasa. Tuanze kabla haujabadili mawazo.

Mchezaji akishindwa Smash (Super Smash Bros., mchezo wa video wa kupigana wa Nintendo) hapa mjini, lawama ni mbili: maneti, yaani kidhibiti cha mkononi, mbovu, au mpiganaji wa mwenzake ana nguvu kupita kiasi. Uwanja hautajwi, unachukuliwa kama picha ya ukutani. Lakini uwanja ndio unaoamua utakufa kwa asilimia ngapi, utapumzikia wapi ukizidiwa, na utarudi kwa njia gani ukitupwa nje. Tena unaamua hayo kwa vipimo visivyobadilika, ambavyo mtu anaweza kuvipima jioni moja na kuviandika kwenye kaye (daftari). Leo ni hayo tu. Mapigo na mbinu za kila mpiganaji tuyaache.

Kwanza mistari ya kifo, maana wapo waliozoea michezo ya ngumi ya kawaida, ile ya mstari wa uhai unaopungua hadi uishe. Katika Smash unaanza na sifuri, na kila pigo linaongeza asilimia. Asilimia yenyewe haiui. Inafanya urushwe mbali zaidi pigo linalofuata. Kinachoua ni kuvuka mmoja wa mistari minne isiyoonekana: kushoto, kulia, juu na chini. Mistari hiyo iko nje ya kile kinachoonekana kwenye skrini, ndiyo maana mpiganaji aliyetoka kwenye picha anaonyeshwa ndani ya kiduara kidogo pembeni. Bado yu hai, ila asilimia yake inaendelea kupanda polepole huko aliko.

Wapiganaji wawili wakipigwa pigo lile lile kwa asilimia ile ile hawafiki mbali sawa, kwa sababu uzito wao haulingani. Katika Ultimate, toleo la Smash la 2018 la mashine ya Switch, Bowser ana uzito wa 135, Mario 98, na Pichu 62, ambaye ndiye mwepesi kuliko wote. Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni umbali kutoka ulipopigiwa hadi kwenye mstari, na huo ni mali ya uwanja. Mifano iliyo wazi zaidi imo katika Melee, toleo la 2001: Yoshi's Story ina mistari iliyo karibu, Dream Land ina mistari iliyo mbali. Pigo linaloua kwa urahisi kwenye uwanja wa kwanza linakurudishia mtu mzima kwenye wa pili, naye akitua anaanza kukukimbiza. Mwenye mpiganaji anayeua kwa kurusha juu atafute dari ya chini. Mwenye mpiganaji anayeua kwa kurusha pembeni hana faida na dari, aangalie kuta. Watu wengi wanachagua uwanja kwa sababu muziki wake ni mzuri. Muziki ni mzuri kweli.

Sasa chukueni uwanja wa mpira wa kawaida, mita 105 kwa 68. Simameni katikati. Hadi mstari wa goli ni mita 52 na nusu. Hadi mstari wa pembeni ni mita 34. Hadi kwenye bendera ya kona je? Zaidi ya mita 62. Kona ndiyo iliyo mbali kuliko vyote, na mtoto yeyote aliyewahi kupiga mpira Kamalondo anajua hilo kwa miguu yake. Mistari ya kifo nayo ni mstatili. Kwa hiyo ukirushwa, njia ndefu zaidi ya kwenda kufa ni ile inayoelekea kona ya juu. Ukiwa bado unatetemeka kutokana na pigo, sukuma kijiti cha maneti kwa upande unaokata njia unayorushwa, si kinyume chake moja kwa moja. Umerushwa pembeni karibu na usawa wa sakafu? Sukuma juu, ukielekeza ndani ya uwanja. Umerushwa juu wima? Sukuma kushoto au kulia. Kwa kufanya hivyo, Melee inakuruhusu kupindisha njia yako kwa takriban digrii 18, na Ultimate kwa chini kidogo ya 10. Kumi zinaonekana ndogo, lakini kwenye safari ndefu zinatosha kukupeleka kona badala ya kwenye mstari wa karibu. Wengi wanavuta kijiti kuelekea uwanjani kwa nguvu zote, kama mtu anayevuta mlango ulioandikwa "sukuma". Kijiti kinyume cha njia hakipindishi kitu.

Tuje kwenye majukwaa, maana hapo ndipo kuna nyama.

Sakafu kuu ni ngumu, huwezi kuipenya. Majukwaa yaliyo juu yake ni laini: unayapita ukiruka kutoka chini, unasimama juu yake, na unashuka ukigonga kijiti chini. Idadi na nafasi ya majukwaa ndiyo sura ya uwanja. Final Destination haina hata moja. Smashville ina moja linalokwenda na kurudi. Pokémon Stadium 2 ina mawili, kushoto na kulia. Battlefield ina matatu, mawili ya pembeni na moja la juu katikati, kama mafiga. Agosti 2020 Ultimate iliongezewa Small Battlefield, ambayo ni Battlefield bila lile la juu, na kwa maoni yetu ndio uwanja wa haki kuliko yote yaliyomo.

Kwa nini jukwaa lina maana? Kwa sababu kila ukigusa kitu cha kusimamia, unarudishiwa ruka yako ya pili (ile ya hewani) na pigo lako la kupandia (lile linalokuinua juu). Mtu aliyerushwa hewani Final Destination lazima ashuke hadi sakafuni, na aliye chini anamsubiri huko akijua hana pengine pa kutua. Hapo ndipo katika Melee Marth anapomshika Fox, anamrusha juu, anamshika tena, mara nyingi mfululizo. Weka jukwaa moja juu ya vichwa vyao na mnyororo ule unakatika, kwa sababu Fox anatua jukwaani. Warushaji nao, wale wa mishale na risasi, wanapenda sakafu tupu: silaha yao inakwenda mlalo na mpinzani hana ngazi ya kuikwepea.

Lakini jukwaa ni kimbilio na ni mtego pia. Angalieni skrini, polepole.

Tuko Battlefield. Mario amerushwa, anaanguka akipinduka juu ya jukwaa la kulia. Ana mambo manne tu anapogusa. La kwanza, abonyeze kitufe cha ngao, kile cha kujikinga, mara tu anapogusa, ainuke palepale: hiyo ndiyo tunaita teki. La pili na la tatu, abonyeze ngao huku akisukuma kijiti kushoto au kulia, abingirike. La nne, asibonyeze, alale chali. Mchezo unakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde. Dirisha la teki katika Ultimate ni fremu 11, pungufu ya moja ya tano ya sekunde. Katika Melee ni fremu 20, theluthi ya sekunde. Ukibonyeza mapema mno, mashine inapuuza kibonyezo chako kwa muda, kwa hiyo anayegongagonga kwa woga ndiye anayelala kila mara.

Haya. Sakafuni, kubingirika kunakupeleka mbali na adui. Juu ya jukwaa la Battlefield hakukupeleki popote. Unabingirika, unafika ukingoni, unakwama. Mahali unapoweza kuishia ni pafupi kama kitanda. Sasa mwangalieni aliye chini. Anasimama chini ya katikati ya jukwaa, hana haraka. Mapigo yanayokwenda juu yanapenya jukwaa laini, na hatua tatu kila upande zinamfikisha chini ya mahali popote Mario atakapoinukia. Hana haja ya kubahatisha: asubiri aone, kisha apige. Kosa tunaloliona kila Jumamosi ni la aliye chini kuruka mapema, akipigia pale anapotarajia. Akikosea upande, yeye ndiye anabaki hewani na mwenzake amekanyaga kitu. Baki chini mpaka uone mwili unakwenda wapi.

Na Mario afanye nini? Aamue kabla ya kufika. Akishatoka kwenye mtetemo wa pigo na bado yuko hewani, atumie ruka ya pili kuhamia jukwaa la juu, au aelekee nje ya jukwaa atue sakafuni. Ruka hiyo ni ghali, ndiyo. Kuuawa kwa pigo la juu kwa asilimia 110 ni ghali zaidi.

Urefu wa jukwaa nao upimwe. Wapo wapiganaji ambao pigo lao la juu, wakiwa wamesimama sakafuni, linamfikia aliye juu ya jukwaa. Wapo ambao haliwafikishi hata kwenye nyayo zake. Jua wako yuko kundi gani, kisha ujue na wa mwenzako. Ngao nayo haifuniki mwili wote ikishapungua: ukikaa na ngao juu ya jukwaa, miguu ndiyo ya kwanza kupigwa kutoka chini. Katika Melee kuna dawa: ngao ikiwa wazi, inamisha kijiti chini kidogo tu, pale katikati ya kutofanya kitu na kukwepa, na unadondoka kupitia jukwaa tayari kupiga. Inataka vidole na maneti ambayo kijiti chake hakijalegea. Kijiti kilicholegea kinatoa kukwepa badala ya kudondoka, na mchezaji anamlaumu mwenye duka.

Ukingo. Uwanja wa Smash umesimama hewani, na kwenye ncha zake mbili unaweza kuning'inia. Ukishika ukingo unapewa kinga ya muda mfupi, na katika Ultimate urefu wake unategemea umekaa hewani muda gani na una asilimia ngapi. Ukiachia ukashika tena bila kukanyaga sakafu wala kupigwa, kinga haipo. Watoto wanaocheza kwa kuning'inia, wakishuka na kushika, wakishuka na kushika, wajue hilo: mara ya pili wananing'inia uchi.

Kuna jambo dogo zaidi ya hilo. Katika toleo la 2014 na la 2018, kati ya mkono kushika ukingo na kinga kuanza kuna fremu mbili. Fremu mbili ni moja ya thelathini ya sekunde. Anayejua pigo lake linafika chini ya ncha anaweza kuliweka hapo mpandaji anapokaribia, na pigo linalodumu muda mrefu linafaa kuliko la haraka, kwa sababu huna haja ya kulenga fremu zile, zenyewe zinakuja juu ya pigo. Mpandaji ajikinge kwa kutofika kila mara kwa wakati ule ule. Aachie kidogo, ashuke zaidi, apande kutoka chini kabisa. Au apande juu ya sakafu.

Akishashika ana njia tano: kuinuka tu, kuinuka na pigo, kubingirika ndani, kuruka, au kuachia na kutumia ruka ya pili. Hapa ndipo majukwaa yanaingia tena. Penye jukwaa karibu na ncha, anayeruka kutoka ukingoni anaweza kutua juu yake, na mlinzi anakuwa na sehemu moja zaidi ya kulinda. Final Destination, mlinzi anasimama umbali wa mbingiriko mmoja kutoka ncha na anaona kila kitu.

Kwa waliozoea matoleo ya zamani, kumbukeni: hadi lile la 2008 ukingo ulikuwa wa mtu mmoja. Adui akiushika kabla yako, ulikwenda zako chini. Tangu 2014 anayefika wa pili anamng'oa wa kwanza. Mbinu ya kukalia ukingo haifanyi kazi tena, lakini bado kuna watu humu wanakufa wakiijaribu.

Chini ya ukingo kuna ubavu na tumbo la uwanja. Uwanja wenye ubavu ulionyooka kwenda chini unamfaa anayeweza kuruka kwa kukanyaga ukuta. Uwanja uliochongoka unamnasa anayepanda wima: kichwa kinagonga mdomo wa ncha, na ruka imeisha. Na ukipigwa ukiwa chini ya ncha, mwili unagonga ubavu na kudunda kwenda chini. Hapo pia dawa ni teki: ngao, wakati wa kugonga. Tayarisha kidole kabla hujapigwa.

Neno moja hapo kabla hatujasonga. Ukiwa umeshatumia pigo la kupandia ukapigwa, unarudishiwa pigo hilo. Ruka ya pili hurudishiwi. Kwa hiyo mlinzi akikupiga kidogo bila kukuua, huenda amekupa safari mpya. Kupiga mtu kwa pigo dhaifu wakati tayari alikuwa anaanguka ni kumtupia kamba.

Viwanja vinavyosogea nitavipitia haraka. Katika Melee, Yoshi's Story ina wingu linaloitwa Randall, linalozunguka uwanja kwa mzunguko wa sekunde 20, kwa hiyo anayetazama saa ya mchezo anajua liko wapi. Wapo waliookolewa na wingu lile kwa hesabu, si kwa bahati. Fountain of Dreams inapandisha na kushusha majukwaa yake ya pembeni. Dream Land ina mti unaopuliza upepo. Lylat Cruise katika matoleo ya 2008 na 2014 ilikuwa inayumba, na mpandaji aliyelenga ncha aliikuta imehama. Hyrule Temple haichezwi kwenye mashindano kwa sababu ina njia ya duara: aliyetangulia kwa asilimia anakimbia, na mwepesi hakamatwi hadi saa iishe. Ultimate ina kitufe cha kuzima hatari za viwanja. Kizimeni. Pokémon Stadium 2 isipozimwa itajibadilisha umbo katikati ya pambano, na nusu ya malalamiko ya mashindano ni kitufe hicho kilichosahauliwa.

Sasa namna ya kupata uwanja wa pambano la kwanza bila ugomvi. Andikeni majina matano kwenye vipande vitano vya karatasi, viwekwe mezani. Wachezaji wapige mkono kuamua nani anaanza. Wa kwanza anaondoa kimoja, wa pili anaondoa viwili, wa kwanza anaondoa kimoja tena, na kilichobaki ndicho. Kila mmoja ameondoa viwili. Wa kwanza alianza gizani lakini amemaliza, na hilo linalipana. Pambano la pili: mshindi anataja viwanja asivyovitaka, kwa idadi mliyokubaliana kabla, aliyeshindwa anachagua katika vilivyobaki, mshindi anataja mpiganaji wake, na aliyeshindwa anataja wake mwisho. Utaratibu huo ufuatwe hivyo hivyo. Aliyeshindwa akilazimishwa kutaja mpiganaji kwanza, faida yote ya kuchagua uwanja imekwisha. Na msiruhusu mtu kurudi kwenye uwanja aliokwisha kushinda katika seti (mfululizo wa mapambano) hiyo hiyo.

Wenye simu tu, msijione mmeachwa. Brawlhalla, mchezo mwingine wa aina hii, inapatikana bure kwenye simu na inafuata kanuni hizi, ila haikuonyeshi asilimia: rangi ya mpiganaji inatoka nyeupe, njano, chungwa, hadi nyekundu iliyokolea. Hakuna kuning'inia kwenye ncha. Badala yake unakamata ukuta, unateleza, unaruka tena. Kwa hiyo huko ubavu wa uwanja una thamani kubwa kuliko ncha yake, na uwanja wenye ubavu mfupi unaua wapandaji wavivu.

Kupima kunafanyikaje? Nendeni kwenye mazoezi ya Ultimate. Kuna uwanja wa mazoezi wenye gridi mgongoni, unaweza kuweka asilimia ya adui unayotaka na kupunguza kasi hadi robo. Ruka fupi, ruka ndefu: ipi inakupandisha jukwaani? Hamia Battlefield, msimamishe adui juu ya jukwaa, jaribu kila pigo la juu kutoka sakafuni. Kisha toka nje ya ncha, jiachie uanguke, na utafute ni chini kiasi gani ruka ya pili pamoja na pigo la kupandia bado vinakufikisha. Mwisho, chukua pigo lako moja la kuua. Mweke adui katikati, panda asilimia tano tano hadi afe, andika. Mweke kwenye ncha, rudia, andika. Badili uwanja, rudia. Mtashangaa jinsi namba za katikati na za ncha zinavyoachana, na mtaacha kupoteza pigo hilo mahali lisipoua.

Kipimo kimoja hakimo ndani ya mchezo, ni cha televisheni. Televisheni bapa nyingi zinachakata picha kabla ya kuionyesha, na fremu zinazopotea hapo zinakula dirisha la teki. Fungueni mpangilio wa picha, wekeni hali ya michezo. Wanaocheza Melee kwenye mashine ya GameCube watumie televisheni za zamani za kichogo, hazina uchelewesho huo. Na tukihamia gurupu (jenereta) umeme ukikatika, televisheni zipite kwenye regilateri, hasa hizo za kichogo.

Televisheni ya kwanza na ya pili zimeandaliwa kwa mapambano, roho tatu, dakika saba, hatari zimezimwa. Anayefika aangalie tena kitufe kabla ya kuanza. Ya tatu imeachwa kwenye gridi kwa anayetaka kupima, robo saa kila mmoja, na kaye iko mezani na kalamu yake. Kalamu ibaki pale. Aksanti.